Profesa Wangu Atanikumbuka Baada ya Miaka Miwili?

Shikamoo dada,

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma biolojia hapa Marekani, na Mei hii namaliza digrii ya kwanza. Tulihamia huku na wazazi nikiwa bado shule ya msingi, na tuna ukaaji wa kudumu. Tangu zamani nataka udaktari, na hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni mwendo. Mwaka jana mama aliugua, nikawa naenda hospitali zaidi ya darasani, na matokeo ya muhula mmoja yakashuka. Mtihani wa MCAT, ule wa kuombea vyuo vya udaktari, sijaufanya, na akiba sina. Kwa hiyo nimeamua nisiombe chuo cha udaktari sasa hivi. Nimepata kazi ya usaidizi wa utafiti hospitalini, naanza Julai. Nitafanya kazi miaka miwili, nijiandae, ndipo niingie.

Kinachoninyima usingizi ni barua za mapendekezo. Najua zinahitajika, na sijui niziombe lini wala kwa nani.

Anayenijua vizuri ni profesa wa fiziolojia. Darasa lake tulikuwa watu 14. Siku moja maabara tulikuwa na jaribio la msuli wa chura, msuli ukakataa kabisa kusinyaa. Wenzangu waliandika kwamba jaribio limeshindikana, wakaondoka. Mimi nilibaki, nikabadilisha maji ya chumvi, nikaanza upya, mara ya tatu profesa akaja akakaa kando yangu bila kusema kitu. Ilikuwa saa moja usiku nilipogundua waya mmoja wa umeme umelegea. Tulipoukaza, msuli ukaruka, naye akapiga makofi peke yake. Alishaniambia, "Ukitaka barua, niambie." Lakini anastaafu mwisho wa mwaka huu wa masomo.

Wa pili ni profesa wa kemia ogani. Ule ulikuwa ukumbi wa watu karibu 300. Mtihani wa kwanza nilipata C, nikaanza kwenda ofisini kwake kila Jumatano, nikamaliza na A-. Sina hakika hata kama analijua jina langu.

Wa tatu ni mama mmoja anayefundisha sosholojia. Nilipomgusia, alisema ana kazi nyingi, niiandike mimi mwenyewe, yeye atatia saini. Nikacheka tu, sikujua nijibu nini. Wa nne ni daktari niliyekuwa namfuata kliniki kiangazi kilichopita, jumla kama saa 40.

Rafiki yangu anasema nisubiri hadi mwaka wa kuomba kwa sababu barua ya zamani haina thamani. Binamu yangu anasema nihakikishe nimezisoma zote kabla hazijatumwa, mtu asije akaniharibia. Mimi naona soni. Nyumbani nimelelewa kwamba mwalimu akishakufundisha humsumbui tena, unamshukuru na kumwacha apumzike. Leo namwendea mzee anayekaribia kustaafu kumwambia aniandikie kitu nitakachokitumia siku ambayo hata mwenyewe siijui. Naona kama ni kumdai.

Nifanye nini dada?

Mwenye Soni, Minnesota

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Natumaini mama anaendelea vizuri.

Omba sasa. Omba kabla hujavaa joho, ukiwa bado unapishana na hao maprofesa kwenye korido. Nitakueleza sababu, lakini kwanza nikurekebishie hesabu, maana ndiyo imenishtua kuliko yote kwenye barua yako.

Umeandika kwamba utafanya kazi miaka miwili ndipo uingie. Wengi huhesabu hivyo, halafu wanashtuka wamechelewa. Maombi ya udaktari Marekani huchukua zaidi ya mwaka mzima kutoka kuomba hadi kukaa darasani. Fomu ya AMCAS, ambayo ndiyo mlango wa vyuo vingi vinavyotoa shahada ya M.D., hufunguliwa mwanzoni mwa Mei. Kuituma kunaanza mwishoni mwa Mei, na vyuo vinaanza kupokea maombi yaliyohakikiwa mwishoni mwa Juni. Kisha zinafuata insha za kila chuo, usaili unaoanza vuli na kuendelea hadi majira ya baridi, na masomo yenyewe yanaanza Julai au Agosti ya mwaka unaofuata. Sasa piga hesabu. Ukimaliza Mei hii na ukataka kuingia baada ya miaka miwili, fomu unaijaza Mei ijayo. Miezi 12 tu. Hiyo miaka yako miwili ina mwaka mmoja wa kujiandaa, na mwaka wa pili ni wa kuomba na kusubiri huku unafanya kazi. Kwa hiyo barua unayodhani ni ya mbali sana iko mlangoni, na MCAT vilevile.

Kama ulikuwa na maana ya kuomba baada ya miaka miwili kamili, basi jua utaingia mwaka wa tatu. Hakuna ubaya wowote. Mimi mwenyewe niliingia baada ya kukaa nje miaka mitatu. Lakini chagua ukijua unachokichagua.

Tukirudi kwenye barua, nitakuambia yaliyonikuta. Nilipomaliza digrii nilifikiri kama rafiki yako: nisubiri, nitaomba nikiwa tayari. Miaka miwili ikapita. Siku niliyomwandikia profesa wangu wa baiokemia, barua pepe ilirudi, anwani haipo tena. Nikampigia katibu wa idara, akaniambia alihamia jimbo lingine. Nilimpata baada ya wiki tatu za kuuliza huku na huku. Alikuwa mtu muungwana, alinijibu siku hiyohiyo, na aliniambia ukweli: "Nimefungua daftari la alama, nimeona ulipata A. Hicho ndicho ninachoweza kuandika, sikumbuki zaidi." Sikuweza kumlaumu. Miaka miwili iliyopita alikuwa anajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu ubaoni kabla ya kipindi kuanza. Alinitania kwa hilo. Sasa limemtoka, amefundisha mamia ya watu baada yangu. Nikaanza kutafuta mtu mwingine, na faili langu lilikamilika Septemba, wakati vyuo vingi vilikuwa vimeshaanza kuita watu kwenye usaili. Vyuo vingi husoma faili kadiri yanavyokamilika, na nafasi za usaili zinapungua kila wiki.

Ndiyo maana nilipofika kwenye habari ya chura wako niliisoma mara mbili. Barua yako ya mapendekezo ndiyo hiyo, mdogo wangu. Kamati ya udahili inaiona A yako kwenye hati ya matokeo, haihitaji profesa aje kuirudia. Isichoweza kuona ni binti aliyebaki maabara hadi saa moja usiku kwa sababu ya waya mmoja uliolegea, wakati kundi zima limeshaandika kwamba imeshindikana. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari inayoendesha AMCAS, ina mwongozo kwa waandishi wa barua hizi, na unawaelekeza hukohuko: waeleze wanamjuaje mwombaji na kwa muda gani, waseme walichokiona kwa macho yao, wamzungumzie mtu na si silabasi ya somo. Hata jina wanaloipa barua yenyewe ni barua ya tathmini. Leo mzee wako wa fiziolojia ana hadithi nzima kichwani, pamoja na makofi aliyopiga. Baada ya miaka miwili, akiwa amestaafu, atabaki na "alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye bidii." Sentensi hiyo inawafaa watu elfu moja.

Rafiki yako hakukosea kila kitu. Ni kweli vyuo vingi havipendi barua iliyozeeka, na vingine vinaweka ukomo wa umri wake. Pia AMCAS haipokei barua ya mtu ambaye hajaanza maombi ya mwaka husika, na haihifadhi barua kwa ajili ya mwaka mwingine. Aliyekosa nafasi na kuomba upya anatakiwa atumiwe barua upya. Asichokijua rafiki yako ni kwamba kuandika ni jambo moja na kutuma ni jambo jingine. Barua inaandikwa sasa, wakati kumbukumbu bado mbichi. Inatunzwa. Mwaka wa kuomba ukifika, mwandishi anaifungua, anabadilisha tarehe, anaongeza aya moja kuhusu uliyoyafanya tangu uondoke, anatia saini tena. Kazi ya robo saa. Kumwomba mtu robo saa ya kuhuisha barua aliyoiandika mwenyewe ni tofauti kabisa na kumwomba akae aanze kukukumbuka.

Itatunzwa wapi? Njia mbili, na ningependa utumie zote. Ya kwanza ni huduma ya kutunza barua mtandaoni, na inayojulikana zaidi kwa waombaji wa udaktari ni Interfolio. Unafungua akaunti, unamtumia profesa ombi, anaipakia barua yake humo, wewe unaona kwamba imefika lakini huwezi kuisoma. Mwaka wa kuomba, AMCAS itakupa namba ya utambulisho kwa kila barua, utaiingiza Interfolio, nao wataituma moja kwa moja. Kuna ada, angalia mwenyewe kwenye tovuti yao. Kwa mtu ambaye mwandishi wake anastaafu, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Kabla hujalipa lakini, ulizia ofisi ya ushauri ya chuo chako, maana vyuo vingine huwatunzia wahitimu wao barua. Njia ya pili ni kumwomba profesa mwenyewe abaki na nakala kwenye kompyuta yake binafsi, si ya chuo, na akupe anwani yake ya barua pepe ya nyumbani. Anayestaafu anaweza kupoteza faili za ofisini bila hata kukumbuka kwamba yako ilikuwa humo.

Kwa huyu mzee kuna jambo jingine la haraka. Barua hizi zinatakiwa ziwe kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi, zenye tarehe na saini. Leo karatasi hiyo ameishika mkononi. Mwambie waziwazi kwamba unajua anastaafu na ndiyo sababu unaomba mapema.

Ofisini kwa ushauri usiishie kuuliza habari ya kutunza. Uliza kama chuo chako kina kamati ya wanafunzi wanaoelekea udaktari. Baadhi ya vyuo hukusanya barua zote za mwanafunzi, wanamfanyia mahojiano, kisha wanaandika barua moja ya kamati kwa niaba ya chuo. Kama ipo, uliza mambo mawili: inawahudumia wahitimu kwa miaka mingapi baada ya kumaliza, na mchakato wake unaanza mwezi gani. Mara nyingi unaanza miezi mingi kabla ya AMCAS kufunguliwa. Baadhi ya vyuo vya udaktari, vikiona chuo chako kina kamati na wewe hukuitumia, vitataka maelezo. Usije ukajua hilo ukiwa katikati ya zamu hospitalini.

Sasa huyu wa kemia ogani, unayemwogopa kuliko wote. Umesema hujui kama analijua jina lako. Mimi nakuuliza: katika wale 300, wangapi walikuwa wanagonga mlango wake kila Jumatano? Nakuhakikishia ni wachache. Jina huenda halijui, uso anaujua, na anajua ulianzia wapi. Kupanda kutoka C hadi A- ni habari ambayo aliyeanza na A hana. Na unamhitaji. Utaratibu ulioenea ni barua mbili kutoka kwa waliokufundisha sayansi na moja kutoka nje ya sayansi, ingawa kila chuo kina masharti yake na inabidi uyasome kimoja kimoja kwenye orodha ya AAMC iitwayo MSAR. AMCAS inapokea hadi barua 10, lakini wingi haukusaidii. Nne au tano zenye nyama zinatosha.

Huyo usimwombe kwa barua pepe tu. Nenda Jumatano, saa zilezile. Ila mwandikie kwanza ili asishtukizwe. Utaandika kwa Kiingereza, lakini mwendo uwe kama hivi:

"Profesa, mimi nilisoma kemia ogani kwako muhula wa vuli uliopita. Ndiye niliyekuwa nakuja Jumatano na daftari la kijani, baada ya kupata C mtihani wa kwanza. Nilimaliza na A-, na namna yako ya kunifanya nichore kila hatua ya mmenyuko kabla ya kuniambia jibu ndiyo ninayoitumia hadi leo. Nahitimu Mei, nitafanya kazi ya utafiti hospitalini, kisha mwakani nitaomba vyuo vya udaktari. Ningependa kujua kama unanifahamu kiasi cha kuweza kuniandikia barua nzuri ya mapendekezo. Naiomba mapema wakati kazi zangu bado ziko karibu. Naomba kuja Jumatano tuongee dakika kumi, na nitakuletea kila utakachohitaji. Kama huoni unaweza, nitaelewa kabisa."

Daftari la kijani nimelitunga. Weka la kwako la kweli. Kilicho muhimu ni ile sentensi ya kuuliza kama anakufahamu kiasi cha kuandika barua nzuri. Usiifute kwa aibu. Inampa njia ya kukataa kwa heshima, na akikataa amekusaidia sana, kwa sababu barua baridi inaumiza kuliko barua isiyokuwepo. Akisita, akisema "naweza kuandika, lakini sikufahamu sana," mshukuru na utafute mwingine. Usimbembeleze.

Siku ya kuonana, nenda na bahasha. Ndani uweke wasifu wako wa ukurasa mmoja, hati ya matokeo, kazi mojawapo aliyokusahihishia yenye mwandiko wake, na karatasi moja tu ya mambo matatu au manne unayokumbuka mlifanya pamoja. Hapo ndipo chura anaingia, kwa yule wa fiziolojia. Usijisifu, simulia: siku fulani, jaribio fulani, lilitokea hili. Yeye ataamua alitumie vipi. Muhula uliokuwa unauguza nao uugusie kwa sentensi mbili, kama uko radhi wajue. Aliyekuona darasani muhula ule anaweza kulieleza kwa uzito ambao wewe mwenyewe huwezi, kwa sababu akilisema yeye si kujitetea.

Hiyo karatasi ya kumbukumbu ndiyo jibu la mama wa sosholojia pia. Usiandike barua ile. Najua wapo wanaofanya, na najua hakuwa na nia mbaya, amechoka tu. Lakini barua ile inasomwa kama ushahidi wa mtu mwingine juu yako. Ukiiandika wewe, umejitolea ushahidi kwa saini ya mtu, na unaingia kwenye taaluma ambayo watu watakuamini kwa kile ulichokitia saini. Mbali na hilo, utajiandikia vibaya. Hujui ulivyoonekana ukiwa umekaa pale mbele yake, yeye ndiye anayejua. Mrudie, mwambie: "Profesa, naona nitakosa haki nikijiandikia, ila nimekuandalia dondoo na ile insha yangu uliyoisahihisha. Sina haraka, hata ukiandika kiangazi baada ya kufunga chuo." Mara nyingi anachokimbia ni ukurasa mtupu na siku ya mwisho iliyo karibu. Wewe umemwondolea vyote viwili, na hiyo ndiyo faida nyingine ya kuomba mapema. Akishikilia msimamo, mwache, tafuta mwalimu mwingine asiye wa sayansi.

Kuhusu kuzisoma: binamu yako anakutakia mema, lakini hapana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi, FERPA, inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako, na inakuruhusu pia kuiachilia haki hiyo kwa barua za mapendekezo. Utaulizwa unaiachilia au la. Iachilie. Kamati ikijua mwandishi aliandika akijua hutaisoma, inaiamini zaidi, na waandishi wengine hawakubali kabisa kuandika bila hivyo. Kinga yako dhidi ya kuharibiwa ni kumchagua mtu vizuri na kuuliza lile swali la mwanzo uso kwa uso. Ukimtazama usoni anapojibu, utajua.

Daktari wa saa 40 ni wa ziada. Kumfuata mtu kliniki ni kusimama nyuma yake, na hajakuona ukifanya kazi. Kama mlizungumza kweli, kama kuna mgonjwa uliyekaa naye ukamsikiliza na daktari akaona, mwombe. Vinginevyo saa hizo ziandike kwenye orodha ya shughuli zako na inatosha. Ila ukifikiria kuomba pia vyuo vya osteopathi, vile vinavyotoa shahada nyingine ya udaktari iitwayo D.O., ambavyo maombi yake yanapitia mfumo wao wa AACOMAS, baadhi yao wanataka au wanapendelea barua ya daktari, hasa mwenye D.O. Uliza amesomea upande gani.

Barua ambayo hukuitaja kabisa, na mimi naiona ya thamani, ni ya bosi wako mpya. Unaanza Julai. Kufikia masika ijayo atakuwa amekuona miezi tisa, asubuhi na jioni, siku nzuri na siku mbaya. Vyuo vitataka kujua ulifanya nini ulipokuwa nje ya masomo, na yeye ndiye shahidi. Mwezi wa kwanza au wa pili mwambie tu kwamba unaelekea udaktari. Usiombe chochote. Januari au Februari ndipo uombe barua.

Kati ya sasa na wakati huo, usiwapotee hawa wengine. Ujumbe mmoja Desemba, mistari mitano: kazi inaendeleaje, MCAT umepanga lini, kitu kimoja ulichokutana nacho hospitalini kikakukumbusha darasa lake. Mwishoni mwa Machi au Aprili unawaandikia tena: Mei naomba, naomba uhuishe barua, hizi ndizo habari mpya. Wape wiki nne kwa uchache. Ikikaribia na mtu yuko kimya, mkumbushe mara moja kwa upole baada ya wiki mbili. Na usizuie fomu yako kwa sababu barua moja haijafika. AMCAS inahakiki maombi bila kusubiri barua, kwa hiyo tuma, barua zitakukuta njiani. Chuo ndicho kitakachosubiri kabla ya kulihesabu faili lako kuwa kamili.

Nimeiacha soni mwishoni kwa sababu nadhani ndiyo inayokushika miguu kuliko tarehe zote hizi. Nami nililelewa hivyohivyo. Kumheshimu mwalimu kulikuwa kumwamkia, kumbebea madaftari na kutomrudia na shida zako. Nilipofika huku nilidhani kukaa kimya kwangu kunasomeka kama adabu. Hakusomeki hivyo. Kwa profesa wa huku, kuwaandikia wanafunzi barua ni sehemu ya kazi. Naye alipoanza aliandikiwa na mtu, na kila mwaka anategemea kuombwa. Anachokiona kero ni ujumbe wa usiku wa manane kutoka kwa mtu aliyepotea miaka mitatu, ukisema siku ya mwisho ni Ijumaa. Wewe unamwendea mapema, una karatasi zako, unampa nafasi ya kukataa na muda wa kuandika kwa raha. Mimi naiona hiyo ndiyo adabu yenyewe, imevaa tu nguo ya huku.

Tena huyu mzee wa fiziolojia amekuambia kwa mdomo wake, "Ukitaka barua, niambie." Fikiria anafungasha vitabu vyake ofisini baada ya miaka yote hiyo, na mwanafunzi aliyempigia makofi hakurudi.

Nenda kwake wiki hii, kabla ya wale wengine. Ukishaongea naye utapata nguvu ya kugonga ule mlango wa Jumatano. Kisha niandikie uniambie alisema nini, na mama anaendeleaje. Mpe salamu zangu.

Dada yako